Kwa Yaya Nsimire, kuhusu kisahani cha mwisho

Yaya Nsimire mpendwa,

Najua umeanza kusoma ukiwa umekunja uso, vile unavyosoma barua za kodi. Kunja tu. Simu zangu umezifungia tangu mwezi wa sita, ujumbe wangu haufunguliwi, na mara mbili nimefika mpaka chini ya jengo lako huko Woluwe, hapa hapa Brussels, nikaishia kuitazama kengele yenye jina lako kisha nikapanda basi la kurudi Evere. Kwa hiyo naandika barua ya wazi katika jarida la akina mama wa kanisa letu, ambalo Tantine, shangazi yetu, hulisoma tangu ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya harusi. Hilo la Tantine nimelikusudia. Nataka urudi, yaya. Na kuna jambo nimelikalia kimya miaka ishirini na moja ambalo lazima nilikiri. Nitalifikia. Kwanza niache nigombane nawe kidogo, maana bila ugomvi hutaamini kwamba ni mimi ninayeandika.

Wanaosoma na hawatoki kwetu Bukavu wajue kwamba kwetu papa ni baba, njo ni ndiyo, na yaya ni dada mkubwa, si mtu wa kulipwa kulea watoto. Ingawa wewe ulikuwa yote mawili, na hakuna aliyekulipa. Ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi sita, tulipobaki wawili.

Watu wananiuliza. Nikipita barabara ya Chaussée de Wavre kununua unga wa muhogo, mama wa dukani ananishika mkono kabla hata sijachukua kikapu: alors, Mapendo, kile kisahani cha mwisho ilikuwa nini? Waliniona kwenye televisheni nimesimama na bunduki begani, mdomo wazi, bila kusema kitu, mpaka mwamuzi akainua mkono. Mmoja anasema niliogopa. Mwingine anasema nilirogwa na Mwitaliano. Nimewaacha waseme. Jibu ni la kwako kwanza, halafu ni lao.

Nieleze mchezo wenyewe, maana hata wewe hukuwahi kukubali nikueleze. Mbele yako kuna handaki, na ndani yake mashine. Unaweka kitako cha bunduki begani, unapaza sauti, na maikrofoni iliyo karibu na miguu yako ikiisikia, mashine inarusha kisahani cha udongo ambacho kinakimbia kukuacha, kushoto, kulia au katikati, hujui. Una muda wa kupepesa jicho. Unakipasua au kinakushinda. Neno la kupaza unachagua mwenyewe, hakuna anayekupangia. Yule Mwitaliano hubweka. Mholanzi mmoja hutoa mlio kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mimi nilisema "karibu."

Kwa neno hilo uliondoka.

Unakumbuka lile bega langu la zambarau? Nilikudanganya kwamba nimeumia nikimnyanyua mgonjwa. Wewe unayewageuza wagonjwa hospitalini kutwa nzima, ukaniamini, ukanikanda kwa taulo la moto, ukanifokea kwamba nanyanyua kwa mgongo badala ya magoti. Ukanisimamisha katikati ya sebule, ukalala chini ukajifanya mzee aliyeanguka, nikakunyanyua mara sita mpaka ukaridhika. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Usiku huo sikulala vizuri kwa aibu, lakini Jumamosi nilirudi tena uwanjani.

Nilianza kwa sababu ya Madame Godelieve, yule bibi wa Kiflemish niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake, miguu imekufa lakini mdomo uko hai. Ujanani alikuwa mlengaji. Kila Jumamosi alitaka asukumwe na kiti chake mpaka klabuni kwake akawatukane vijana wasiojua kusimama. Siku moja akachoka kuwatukana, akasema nijaribu mimi. Nilikataa. Akaniambia nina mabega ya mtu anayetaka kumpiga mtu, basi nimpige huyo mtu hapa, penye sheria. Nikachukua bunduki, yaya. Ilinuka mafuta na baruti, na harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma. Wakaniambia nipaze sauti yoyote. Sikufikiri. Neno lililotoka ni lile. Vinne vya kwanza vikanipita. Cha tano kilipasuka vipande vipande hewani, na nikauona uso wa mtu ukipasuka, uso ule, wenye masharubu membamba. Nikataka kingine. Nikataka mia.

Nitasema wazi, hata mchungaji akisoma na asome. Kila Jumamosi kwa miaka saba nilikuwa naua. Walinisifu mkono wangu ulivyo mwepesi na jicho langu lilivyo kali, wakanipa kizibao cha timu na jina langu mgongoni. Hakuna aliyejua kwamba kwa kila kisahani nilikuwa namwita mtu mmoja arudi mlangoni, aingie tena, safari hii anikute nina bunduki. Karibu. Nikimpasua kichwa nilikuwa navuta pumzi, naweka risasi nyingine, namwita tena. Madame Godelieve peke yake alihisi. Aliwahi kuniambia kwamba chuki inakupandisha mpaka fainali lakini haijui kushuka ngazi. Nilidhani ni uzee unaongea.

Halafu ile siku ya mashine ya kufulia. Wewe na usafi wako. Ulichukua suruali yangu bila kukagua mifuko, ukawasha mashine, ikaanza kugonga, tak, tak, tak. Ukaisimamisha, ukaingiza mkono kwenye maji ya sabuni, ukatoa risasi nzima, nyekundu, isiyopigwa. Niliporudi kutoka kazini ulikuwa umekaa mezani, umeiweka mbele yako juu ya kitambaa kama kitu kilichotoka mwilini mwa mtu. Hukuuliza nimeitoa wapi. Ulisimama, ukafungua kabati.

"Hii kitu njo iliua papa," ulisema. "Na weye unaileta mu nyumba yangu, naifulia mu machine yangu?"

Ukaitupa sahani ya kwanza ukutani. Ukatupa ya pili. Zilikuwa kumi na mbili, zile zenye maua ya bluu tulizonunua kwa kujibana mwaka wetu wa kwanza Evere, na hukuacha hata moja. Kipande kimoja kilinikata juu ya nyusi na damu ikaniingia jichoni. Hata hivyo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kufagia, kama nilivyofagia baadaye. Lakini mimi nina mdomo mbaya nikikasirika, na nilitafuta kitu cha kukuumiza, na nilijua kilipo.

"Bon," nilikujibu. "Lakini haikuvunja mlango, yaya. Iliambiwa karibu."

Ulinipiga kofi ambalo bado nalisikia kwenye taya nikitafuna. Halafu ukakaa sakafuni kwenye vipande, ukatazama kiganja chako cha kulia, penye lile kovu. Hukulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira, kama mtu aliyeonewa.

Na wewe, yaya, ukasamehe. Hilo ndilo linaloniua. Wiki iliyofuata ulirudi na sahani mpya kutoka maduka ya Matonge, nyeupe, za plastiki ngumu, ukasema kavu kabisa kwamba hizi hazivunjiki ili tusizoee. Ukaacha kuuliza kuhusu Jumamosi. Na nilipochaguliwa kwenye mashindano ya kimataifa ya wanawake, ambayo safari hii yalifanyika hapa hapa, nusu saa kutoka Brussels katikati ya mashamba ya viazi, ulisema utakuja siku ya fainali. Ulisema papa asingekubali mtoto wake akashindane bila mtu wa nyumbani.

Ulikuja. Ulivaa liputa yako, kile kitenge cha bluu cha Pasaka, na kilemba, katikati ya Wazungu wenye kofia za jua, na mapajani ulikuwa na ndoo ya plastiki ya mikate yetu, ile kama maandazi, uliyoikaanga asubuhi, iwapo wenzangu wangesikia njaa. Nilikuona nikiwa najiweka tayari na moyo ulinijaa. Tulikuwa sita. Fainalini una risasi moja tu kwa kila kisahani, na anayekosa zaidi anatolewa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wabaki wawili. Visahani vya fainali hutiwa unga mwekundu ndani ili watazamaji waone vinapopasuka. Sikuwahi kukuambia hilo. Sijui kwa nini sikukuambia hilo.

Nikaweka kitako begani. Nikapaza sauti: karibu. Kisahani kikatoka, nikakipiga, na wingu jekundu likatapakaa juu ya nyasi. Watu wakapiga makofi. Zamu yangu iliporudi nikapaza tena, kikapasuka tena, wingu tena. Nilipogeuka kuhamia kituo kingine nikakuona umesimama peke yako, watu wote jukwaani wamekaa, mkono mdomoni. Mara ya tatu nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu na ndoo ya mikate iko juu yake.

Nilijua, palepale. Nilijua umelisikia neno lile likifuatiwa na mlipuko na wekundu, kwa sauti yangu mimi. Nilijua unakwenda kutafuta basi katika mashamba yale ukiwa na viatu vya kanisani. Na sikukufuata. Ningeweza kuiweka bunduki chini. Nisingefungwa. Lakini niliweka risasi nyingine, na kwa mara ya kwanza uso niliouona mbele ya mtutu haukuwa wa yule mtu, ulikuwa wako, kwa sababu umeniharibia siku yangu. Nikapiga. Nikapiga kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Wanne wakatoka. Bega liliwaka moto, nilihisi ladha ya chuma mdomoni kwa sababu nilikuwa nimeng'ata ulimi, na nikafurahi kwa damu ile.

Tukabaki wawili, mimi na yule Mwitaliano, tumelingana. Akakipiga chake. Changu nikikipiga tunaendelea, nikikikosa nimeshindwa. Nikaweka kitako. Nikafungua mdomo. Uwanja ulikuwa kimya, hata ndege hawakuwepo, na katika kimya hicho nikaisikia sauti iliyokuwa inakuja kutoka kooni kwangu kabla haijatoka. Haikuwa sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na saba. Ilikuwa nyembamba, yenye adabu, inayongoja kusifiwa. Mashine hairushi kitu usipoita. Nilisimama mdomo wazi. Muda ukapita, mwamuzi akainua mkono, kisahani kikahesabiwa kimepotea bila hata kuruka.

Medali ya mshindi wa pili iko kwenye droo ya vitambaa vya jikoni, ukija utaiona.

Nilipofika Evere kabati lako lilikuwa tupu. Sahani nyeupe ulikuwa umezipanga mezani zote kumi na mbili, na juu yake karatasi, kwa mwandiko wako wa hospitalini: "Ile neno nilikubebea miaka yote. Leo nimeona weye haukujua hata uzito yake."

Ukaandika *nilikubebea*. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Kwa hiyo ulijua, hukuwa unakisia.

Sasa niwaeleze wengine, maana wewe ulikuwepo.

Papa yetu alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa chumba chetu cha mbele. Wateja walipiga hodi kutwa. Papa alikuwa na sheria moja ya kazi: mteja asipige hodi mara mbili. Alisema mtu akirudia hodi mlangoni kwako anaanza kuwaza fundi mwingine. Lakini mguu wake ukiwa kwenye pedali na pini zimejaa midomoni, angejibu vipi? Kwa hiyo kazi hiyo akanipa mimi. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na hodi ikisikika tu, mimi najibu karibu, kwa sauti ya juu na tabasamu. Kila nikijibu kabla mteja hajarudia, papa alinirushia kifungo kimoja bila kuinua kichwa. Nilikuwa na kopo la maziwa limejaa vifungo. Nilikuwa tajiri.

Ilikuwa mchana, vita viko mjini, lakini watu walikuwa wamechoka kujifungia na papa alikuwa na mashati meupe ya shule ya kumaliza. Wewe ulikuwa uani unatwanga sombe, majani ya muhogo. Nasikia mchi mpaka leo. Papa alikuwa ametuambia asubuhi kwamba leo mlango usifunguliwe kwa mtu yeyote, na mlango alikuwa ameurudishia tu, kwa sababu komeo lilikuwa limeharibika. Nilimsikia akisema. Nilikuwa na miaka sita lakini nilimsikia.

Halafu mtu akasema hodi. Taratibu, kwa heshima, kama mteja mzuri.

Mimi nikasema karibu.

Nilisema kwa sauti yangu nzuri kuliko zote, maana siku hiyo nzima sikuwa nimepata kifungo. Na papa, mkono wake ulivyozoea, akanirushia kimoja kabla hajakumbuka. Cheusi, cha koti, chenye matundu manne. Nikakidaka. Nilipoinua macho, papa alikuwa ananitazama, pini midomoni, na ule uso wake sijawahi kuweza kuueleza kwa mtu. Kisha mlango ukafunguka, wakaingia watatu wenye buti za mpira, na yule wa masharubu, aliyepiga hodi, alisema asante. Alisema asante, yaya. Halafu akampiga papa usoni kwa kitako cha bunduki na pini zikaingia ndani.

Sitaandika yote. Walimpiga juu ya cherehani mpaka ikaanguka. Wakauliza pesa, hakuwa nazo, wakampiga tena. Wewe ulikuja mbio na mchi mkononi, ukaona, ukaudondosha, ukanibeba kama mzigo, ukanisukuma chini ya meza ya kukatia nyuma ya vitambaa, ukaingia ukanilalia. Nilitaka kulia na ukaniziba mdomo kwa nguvu mpaka jino langu likang'oka, na mimi nikakung'ata kiganja, nikang'ata mpaka mfupani, na hukuutoa mkono. Mlio ulipotoka nilidhani ni dunia nzima imepasuka. Mashati meupe yaliyokuwa yananing'inia yakawa na madoa kuanzia kola. Walipoondoka hawakuharakisha.

Tulikaa pale chini muda mrefu. Damu yako ilikuwa mdomoni mwangu. Halafu ukakishika kiganja changu kilichofumbwa, ukakikunjua kidole kimoja kimoja, ukakiona kifungo. Ulikitazama. Ulinitazama. Ukavifunga vidole vyangu tena juu yake, kwa upole, ukasema nikae kimya.

Nikakaa kimya. Nimekuwa mtiifu sana katika hilo.

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Tantine, dada yake papa, alifika akiwa amejifunga kitenge kiunoni na sauti imemkauka kwa kulia, akataka kujua jambo moja tu.

"Nani alifungulia bale batu? Nani alisema karibu?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yako, kifungo ndani ya kiganja. Nilivuta pumzi. Labda ningesema. Napenda kuamini ningesema.

"Njo mimi," ulisema wewe.

Tantine alikupiga kofi mbele ya watu wote, la kushoto na la kulia, na hakuna mtu mzima aliyesimama. Kutoka siku ile ulikuwa mtoto aliyewafungulia wauaji. Walilisema jina hilo ulipokosa mahari. Walilisema kwenye simu kutoka Bukavu, walilisema hata hapa Brussels, jikoni kwenye sherehe, wakidhani husikii. Wewe ulinilea, ulinileta mpaka Evere, ulinitafutia shule, na nilipomvunja pua yule msichana wa darasani ulinikokota kwa sikio mpaka kwao tukaombe msamaha. Lakini tangu mchana ule sijawahi kukusikia ukimjibu mtu mlangoni kwa neno lile. Mtu akigonga unauliza kwa Kifaransa ni nani, unachungulia tunduni, unafungua bila kusema kitu. Wageni wetu walidhani ni maringo ya Ulaya.

Na mimi, niliyejua, nilikutupia hilo neno usoni juu ya vipande vya sahani. Halafu nikaenda uwanjani nikalipaza mbele ya watu, nikiwa na bunduki, nikijidanganya kwamba ninamwita yule mtu. Sikuwa namwita yeye. Nilikuwa narudia kosa langu kila Jumamosi nikitafuta limalizike tofauti, na kila likipasuka nilifurahi, na wewe ulikuwa nyumbani na kiganja chenye meno yangu.

Sijui kama nitalenga tena. Bunduki iko klabuni. Madame Godelieve alifariki mwezi wa tisa. Mimi na wajukuu zake tulimzika, na sikuwa na wa kumsimulia. Nimeacha kuota masharubu. Siku hizi naota uso wa papa na pini midomoni, na ninapoamka huwa nakaribia kukuita, kana kwamba uko chumba cha pili.

Kwa hiyo isomwe na wote, kwa sababu na wewe ulipigwa mbele ya wote: Nsimire hakumkaribisha mtu. Alikuwa uani anatwanga. Ni mimi. Tantine, ukifika hapa, vua miwani uifute usome tena. Makofi yale mawili yalikuwa yangu. Ninaishi Evere, unajua basi la kupanda, njoo uyalete. Na ukishamaliza, nenda Woluwe ukapige magoti, na magoti yako mabaya hivyo hivyo.

Yaya, Jumapili hii baada ya ibada, saa tisa mchana, nitapanda ngazi za jengo lako. Kengele sitaibonyeza. Nitasimama mlangoni na kupiga hodi mara moja tu, kama papa alivyotaka. Neno lile usiliseme; sikuja kulidai. Fungua, au usifungue. Ukinyamaza nitakaa kwenye ngazi mpaka giza, kisha nitarudi Jumapili inayofuata, nayo nitapiga hodi mara moja. Kifungo nitakuwa nacho kiganjani, nimekifumba. Ukitaka, ukunjue vidole vyangu tena.

Mdogo wako,
Mapendo,
niliyesema karibu